Hivi Law School watu wanaangukia wapi hasa? Mdogo wangu kamaliza LLB, anaogopa kuomba

#1 Fundi Umeme Mbagala

Wakuu salama. Nina mdogo wangu wa kike kamaliza LLB (shahada ya sheria) mwaka huu, GPA 3.9, na nyumbani tulishakubaliana ada ya Law School, ile shule ya Sinza unayopita baada ya shahada ili uwe wakili, tunachanga mimi na kaka yetu mkubwa. Sasa kila nikimuuliza kama ameomba anazunguka, mara kuna tangazo la benki anasubiri majibu, mara anataka aunge masters, mara eti aende kwanza kijijini akapumzike. Juzi nimembana ndo kafunguka kwamba anaogopa kudisko, yaani kufeli mpaka kuondolewa. Anasema 2022 walipita watu 26 tu kati ya 633, waliobaki wote wakafeli.

Mimi sheria siijui, nauza nyaya na swichi. Ninachojiuliza, mtu kakaa chuo miaka minne, kafaulu, cheti anacho mkononi, halafu anafika pale Sinza anaonekana hajui kitu. Hapo mwenye kosa nani? Mwanafunzi, chuo alichotoka au wanaotunga mtihani? Waliopita pale naomba ukweli, nisije nikamsukuma akaja kunilaumu.

#2 Siti ya Dirishani

Naweka kambi hapa. Hata kwangu yupo mmoja mwenye cheti kabatini.

#3 Wakili Pori

Pole mkuu, ila swali lako hata serikali ilishajiuliza. Yale matokeo ya Oktoba 2022 yalipovuma, Ndumbaro ndo alikuwa waziri wa Katiba na Sheria, akaunda kamati chini ya Mwakyembe, waziri wa zamani, wakachunguze. Kwa hiyo mdogo wako hana woga wa kijinga.

Maoni yangu mimi niliyepita pale na sasa niko mkoani napiga kazi: LLB na Law School ni vitu viwili na hakuna anayekwambia mapema. Chuoni swali linakuja "jadili". Unamwaga nadharia, unataja kesi tatu nne, umemaliza. Law School unapewa hadithi. Mfano, mzee kanunua kiwanja Goba milioni 40, mwezi uliofuata anakuta mtu mwingine kamwaga mawe anachimba msingi, kaja ofisini kwako, andaa nyaraka ya kufungulia shauri. Basi, hakuna cha jadili. Mtu wa GPA kubwa anakimbilia hati ya madai Mahakama Kuu, kurasa nne Kiingereza kimenyooka, kumbe mgogoro wa ardhi wa thamani hiyo unaanzia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya ambalo kwa kugombea ardhi linafika mpaka milioni 300, na pale huendi na hati ya madai, unaenda na maombi. Ameandika vizuri sana kitu ambacho hakikutakiwa. Na hata akipatia baraza, asipoweka aya inayosema kiwanja kiko wapi na kina thamani gani, baraza litajuaje kama lina mamlaka?

Geuza kidogo, mdaiwa awe halmashauri. Hapo wanaanguka tena, wanasahau notisi ya siku 90 na kumuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Chuoni hayo yalitajwa siku moja, lekcha ya saa nane mchana watu wanasinzia.

Ni kama umemfundisha mtu alama za barabarani miaka minne halafu siku ya kwanza unampa fuso yenye mzigo ashuke nayo mteremko wa Kitonga.

#4 Kitaulo

Hapo umeongea kiwakili sana mkuu, ukweli ni mmoja tu, KIINGEREZA. Mtu kasoma kata, kamaliza form six kwa kukariri, chuo kapita kwa madesa (notsi za kufotokopi za kupokezana) na asaimenti za kikundi ambapo anaandika mmoja wengine wanatoa hela ya kuprinti, sasa huku unakaa peke yako na hadithi ya ukurasa mzima kwa Kiingereza hujui hata nani kamshtaki nani. Nimeona kwa macho yangu mtu ana LLB anaandika "my client he was go". Sasa huyo umpe muhuri?

#5 Mama Nuru

@Kitaulo kama ni Kiingereza tu, Wakenya wasingekuwa wanalia na mitihani yao ya uwakili. Wale wanakiongea toka chekechea. Tafuta sababu nyingine baba.

#6 Msee wa Ngong Road

Nimeskia tumetajwa. Mimi ni wa Nairobi, nilisoma LLB Parklands halafu nikaingia Kenya School of Law kule Karen. Mama Nuru amesema ukweli, huku kwetu Kiingereza si shida na bado watu wanaanguka vibaya sana. Ni masomo tisa, mtihani wa kuandika unasimamiwa na Council of Legal Education na unabeba asilimia 60, hiyo ingine ni mtihani wa mdomo na project. Darasani kwetu kulikuwa na jamaa aliyetoka chuo na first class, akapita zote ila Conveyancing (uhamishaji wa ardhi) ikamkatalia, akaanza kuogopa hata kuona title deed.

Na ukimaliza bado kuna pupillage, yaani mafunzo ya kazi chini ya wakili, miezi sita. Kuna ofisi inakupa pesa ya matatu peke yake, kuna ingine hata hiyo hamna na unatumwa chai. Kwa hivyo msidhani hii shida ni ya Dar pekee.

#7 Jicho la Tatu

Mnazunguka mbuyu. Mawakili wanalinda soko lao. Wakiapishwa elfu moja kila mwaka nani atalipwa milioni kuandika mkataba wa pango? Kwa hiyo wanabana kwenye koki. Sheria toka chuo kikuu kianze 1970 ilikuwa ya watoto wa vigogo, sasa watoto wa wakulima wameingia wengi ndo wakaja na Law School. Amkeni.

#8 Rejista

@Jicho la Tatu lete ushahidi. Kubana koki halafu kila sherehe ya kuapishwa tunaona mamia wamepanga foleni na majoho mbele ya Jaji Mkuu? Hao wamepitia dirishani?

Na mleta uzi, hizo namba mdogo wako kazikata nusu. Ni kweli 26 walipita moja kwa moja. Ila waliobaki hawakufeli wote, 342 walipata sapu na 265 ndo walidisko. Jumlisha inakuja 633. Mwenye sapu anarudi kufanya somo lililomkwamisha, hajafukuzwa. Watu wakashika ile 26 kwa sababu inatisha. Ila 265 kudisko ni wengi mno, hapo simtetei mtu.

#9 Fundi Umeme Mbagala

Hii ya sapu sikuijua, ngoja nimpelekee leo leo. Endeleeni wakuu.

#10 Mzee wa Lumumba

Jicho la Tatu, 1970 ndio Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipogawanywa kila nchi ikabaki na chake. Sheria ilianza Oktoba 1961, kabla hata ya bendera kupanda, na haikuanzia Mlimani, ilianzia kwenye jengo la TANU Mtaa wa Lumumba. Wanafunzi 14, na kozi ilikuwa hiyo moja tu, sheria. Mlimani walihamia 1964. Na miaka ile ukitaka kusoma sheria chuo kikuu hapa Afrika Mashariki ilibidi uje Dar, Wakenya na Waganda walikuja hapa mpaka kwao walipofungua vitivo vyao. Willy Mutunga aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa Kenya ni zao la Dar. Julie Manning, mwanamke wa kwanza kuwa jaji hapa kwetu na baadaye waziri wa sheria, naye kasoma hapo hapo. Vigogo gani hao mwaka 1961?

Sasa nirudi kwenye mada. Sisi wa zamani hatukuwa na Law School. Sheria yake ni ya 2007 na wanafunzi wa kwanza wakaingia 2008. Kabla ya hapo ukimaliza shahada unapelekwa mafunzo ya kazi chini ya ofisi ya Mwanasheria Mkuu, unapangiwa mahakamani na kwenye ofisi, unakaa na karani wa masijala anakuonyesha faili linafunguliwaje, unamfuata wakili wa serikali mpaka unajua anakunywa chai saa ngapi. Tulikuwa wachache, mtu alikuwa anakujua kwa jina. Leo mnataka mamia ya vijana wajifunze ufundi ule ule ndani ya ukumbi kwa kipaza sauti. Haiwezekani hata angekuwa anafundisha malaika.

#11 Kitaulo

Mzee shikamoo. Kwa hiyo enzi zenu hakuna aliyefeli? 😂

#12 Mzee wa Lumumba

Marahaba. Walifeli, ila chuoni huko huko mwaka wa kwanza. Waliobaki ndio hao mnaowaita waheshimiwa.

#13 dogo_kimbweta

Mimi niko mwaka wa pili LLB, chuo sitaji. Niwape picha ya chini maana naona wote mnaongea mkiwa mmeshavuka.

Darasa letu mkichelewa dakika kumi mnasimama mlangoni au mnakaa kwenye ngazi. Semina zipo kwenye ratiba, ila kikundi cha semina kikubwa kiasi kwamba muhula mzima naweza nisiulizwe swali hata moja na sijaulizwa kweli. Tunachosomea ni desa. Kuna desa la ardhi linatembea hapa limefotokopiwa mpaka pembeni maneno yamekatika, juu kuna jina la mtu sijui alimaliza lini, lile desa linasema Baraza la Kata linasikiliza na kuamua kesi. Nikaenda kusoma sheria yenyewe nakuta toka 2021 Baraza la Kata kazi yake ni usuluhishi tu. Nikawaambia wenzangu kwenye kimbweta, zile meza za nje za kusomea, wakanijibu mwalimu alitunga maswali toka kwenye desa, we jibu kama desa. Na kweli niliyejibu kama sheria nikapata chini ya aliyejibu kama desa.

Halafu maisha. Boom (hela ya mkopo) likiingia tunakula kuku wiki ya kwanza, wiki ya tatu ni wali maharage kwa mkopo kwa mama ntilie. Chumba cha wawili tunalala wanne kwa kubebana. Usiku unaenda kupiga msuli kwenye kimbweta chini ya taa, mbu wanakula na wewe unakula nondo. Mtu hapo atasoma kesi nzima ya kurasa 30? Anasoma muhtasari wa mistari sita.

#14 Wakili Pori

@dogo_kimbweta hapo kwenye desa umemaliza kila kitu, mimi nilikuwa nazunguka tu. Sheria inabadilishwa kila mwaka na desa halibadiliki. Mtihani wa Law School unakuja na sheria ya leo.

#15 Siti ya Dirishani

Niliyejibu kama sheria nikapata chini ya aliyejibu kama desa 🤣🤣 hii ikate rufaa.

#16 Rejista

Akate rufaa muda haujapita.

#17 Binti Songea

Habari zenu. Nilimaliza Law School sio zamani sana na nimeshaapishwa, na ndiyo, sapu niliipata, ya uandishi wa nyaraka. Mleta uzi mpelekee dada yako hii.

Nilichokiona mimi wengi hawaanguki kwa kutojua sheria, wanaangukia vitu vidogo vidogo. Chukua hati ya kiapo. Unaandika aya zako vizuri, unathibitisha lipi unalijua mwenyewe na lipi umeambiwa, halafu chini kabisa pale kamishna wa viapo anaposaini unasahau kuweka mahali kiapo kilipochukuliwa na tarehe. Sheria ya mathibitisho na viapo kifungu cha 8 inataka hivyo vitu viwili viwepo. Mahakamani kiapo hicho kinapigwa pingamizi na maombi yako yote yanatupwa nje, sasa kwa nini mtihani ukupe maksi? Mimi niliandika "Dar es Salaam" nikasahau tarehe. Nikawa najiuliza nimefeli wapi mpaka rafiki yangu tuliyekuwa tunasoma wote akaniwekea kidole pale chini.

Maisha yake sasa. Suti nyeusi shati jeupe kila siku, Dar hii, Februari. Ukishuka daladala Simu 2000 umeshalowa mgongo. Mimi nilipanga Sinza na wasichana wengine wawili ili nitembee kwa miguu, kodi tukachangia, aliyekuwa anatokea Chanika aliacha nusu ya nguvu zake barabarani. Tulikuwa na kikundi cha watu watano, kila jioni mmoja anatunga hadithi, wengine tunaandaa nyaraka, tunabadilishana tunasahihishana kwa kalamu nyekundu bila huruma. Hapo ndo nilipojifunza. Darasani sikatai kuna walimu wazuri, majaji na mawakili wakongwe wanakuja kufundisha, ila mikono inajifunza kwa kuandika.

Fild nayo ina bahati yake. Mimi nilipangiwa ofisi moja mjini, nikafika wakili ana kesi Kisutu asubuhi na Temeke kwenye kituo jumuishi cha mirathi na ndoa mchana, nikawa nabeba mafaili nakimbia naye, nikaona mirathi inafunguliwaje, nani anapinga, hakimu anauliza nini. Mwenzangu kapangiwa ofisi nyingine kazi yake ikawa kufotokopi na kununua vocha. Tulikutana kwenye mtihani wa mdomo, mimi nahadithia nilichoona, yeye anahadithia alichosoma.

#18 Jicho la Tatu

Kwa hiyo tarehe tu inakunyima uwakili. Na bado mnasema hawabani koki.

#19 Wakili Pori

Tarehe tu? Mkuu nina mteja kapoteza nyumba ya urithi kwa sababu wakili aliyetangulia alikosea kiapo kwenye maombi ya kuongezewa muda. Yalipotupwa na muda nao ulishapita mbali. Nenda kamwambie yule mama ni tarehe tu.

#20 Kitaulo

Hapo ni wakili au kishoka asiye na leseni? Maana vishoka pale nje ya mahakama nao wanaandaa viapo, elfu kumi na tano unapewa na muhuri usiojulikana umetoka wapi.

#21 Mama Nuru

Usiwaseme vibaya wengine wanajua kuliko hao wenye suti. Kuna mmoja mtaani kwetu hajafika hata form four, mirathi zote za ukoo kaandika yeye na zimepita.

#22 Rejista

Zimepita mahakama ya mwanzo mama, kule hata mwenyewe unaenda na kikao cha ukoo na barua ya mtendaji, fomu zipo tayari na kwa Kiswahili. Ajaribu Mahakama Kuu. Na siku hizi kufaili ni kwenye mfumo, kishoka asiye na akaunti ya uwakili ataingilia wapi?

#23 Kitaulo

Ataingilia kwa akaunti ya wakili mwenye njaa.

#24 Hesabu za Jioni

Mmetaja Kiingereza, desa, koki, tarehe. Hakuna aliyetaja HELA. Mimi niliingia Law School nikiwa na kazi, na mtoto, mume yuko mbali. Kozi ni ya kutwa. Bosi kanipa ruhusa kwa mdomo kisha kila wiki ananipigia niko wapi. Asubuhi darasani, mchana natoroka kazini, usiku mtoto ana homa. Wenzangu waliokuwa wanalipiwa kila kitu na wazazi walikuwa maktaba, mimi nasoma kwenye mwendokasi nimesimama nimeshika bomba. Mkisema wanafunzi wavivu nawaangalia tu. Ukitaka kujua nani atapita chunguza nani analipiwa kodi ya nyumba, GPA iache kwanza.

#25 Binti Songea

@Hesabu za Jioni hapo sina la kukujibu dada, pole. Ila hata kwenye kikundi chetu aliyepita vizuri kuliko wote alikuwa anauza juisi Mwenge jioni.

#26 Hesabu za Jioni

Mmoja. Wangapi waliouza juisi wakaondoka?

#27 Fundi Umeme Mbagala

Samahani naingilia, hivi Law School mkopo wa bodi upo? Maana nasikia wengine wanasema upo wengine hakuna.

#28 Rejista

Kuna miaka haukuwepo ndo maana wengi walikuwa wanakaa miaka wanadunduliza. Siku hizi bodi wanatoa mwongozo wa mkopo kwa ajili ya Law School peke yake, asome mwongozo wa mwaka anaoomba, masharti yasiwe ya kusimuliwa. Na huo ni mkopo utakaoungana na ule wa LLB, akianza kazi atakatwa vyote.

#29 Msee wa Ngong Road

Hiyo ya mtu kufanya kazi na kusoma nimeiona sana Karen pia. Ila swali, nyinyi si mahakama zenu sasa ni Kiswahili? Mbona mnafanya mtihani kwa Kiingereza? Hapa Nairobi tunawaonea wivu tukifikiri mnaandika plaint (hati ya madai) kwa Kiswahili sanifu.

#30 Kitaulo

Hilo ndo swali langu toka juu nilipigwa mawe!! Februari 2021 siku ya sheria Dodoma, Magufuli alimpandisha Jaji Galeba kwenda Mahakama ya Rufani kwa sababu kaandika hukumu kwa Kiswahili kule Musoma. Mwaka huo huo sheria ikabadilishwa, lugha ya mahakama Kiswahili. Shahidi anaongea Kiswahili, hakimu anauliza kwa Kiswahili, mteja wako wa Goba hajui neno la Kiingereza hata moja. Halafu mwanafunzi anapimwa kwa lugha ambayo mteja haitumii. Mpeni huyo mtoto mtihani wa Kiswahili muone kama 265 watadisko.

#31 Mzee wa Lumumba

Kijana, na kesi atazisoma kwa lugha gani? Kesi ya Mukisa Biscuit ya 1969 ndiyo inayokufundisha pingamizi la awali ni lipi, iko kwa Kiingereza. Rufaa za miaka yote hiyo ziko kwa Kiingereza. Kubadilisha lugha ya mtihani ni siku moja, kutafsiri maktaba si siku moja.

#32 dogo_kimbweta

Mukisa Biscuit naijua hata nikiwa usingizini mzee, ila nikiri... sijawahi kuifungua yenyewe, naijua kwenye desa 😂

#33 Wakili Pori

Na unayejitetea nayo mahakamani ukiulizwa ukurasa unasema desa ukurasa wa nne.

Mimi kwa Kitaulo nakubali nusu. Nimeona wanafunzi wa fild wanaokuja ofisini kwangu, ukimwambia nieleze hii kesi kwa Kiswahili anakwama vile vile. Hajaelewa kilichotokea, hajui nani kamkosea nani na anataka nini. Ukishaelewa, lugha inakuja nyuma.

#34 Kitaulo

Anakwama kwa sababu kafundishwa kwa Kiingereza. Tunarudi pale pale.

#35 Mama Nuru

Nyie wawili mtafutieni hakimu.

#36 mdogo_mtu

Habari za humu. Mimi ndo mdogo mwenyewe, kaka kanitumia link akasema soma huku watu wanakusema. Kwanza kaka GPA yangu ni 3.7 usinipandishe.

Pili sikukataa Law School kwa woga peke yake. Kuna tangazo la benki idara ya sheria, na kuna ofisi moja wamesema watanichukua kama msaidizi. Nikienda Law School sasa hivi naziacha zote mbili. Nikizichukua naogopa nitazoea mshahara nisirudi, rafiki zangu wawili waliotangulia hawajarudi mpaka leo. Hicho ndo kinachonifanya nizunguke. Ila hii ya hadithi na nyaraka ni kweli kabisa, miaka minne nimeandika hati ya madai kwa mkono wangu ile siku ya mahakama ya kuigiza tu, na hata hapo nilikuwa wa kuita mashahidi.

#37 Siti ya Dirishani

Kaka kaumbuka kwa pointi mbili 🤣🤣🤣

#38 Hesabu za Jioni

Mdogo wangu nenda SASA, kabla hujapata mtoto na bosi. Kazi zitakuja.

#39 Msee wa Ngong Road

Mimi nasema chukua job. Ukikaa kwa idara ya sheria mwaka moja utaona mikataba halisi, ukienda Law School utakuwa mbele ya wenzako. Hivyo ndivyo nilifanya na sijajuta.

#40 Rejista

Mnampoteza. @mdogo_mtu lifungue hilo tangazo la benki ulisome mpaka mwisho. Nafasi nyingi za idara ya sheria zimeandika "awe wakili" au "awe amemaliza Law School", na za serikali ndo usiseme. Kama hilo halijaandika hivyo basi angalia cheo, isije ikawa ni dawati la huduma kwa wateja.

#41 mdogo_mtu

Limeandika "itakuwa ni sifa ya ziada".

#42 Wakili Pori

Sifa ya ziada kwenye tangazo lenye waombaji 800 ndo sharti lenyewe.

#43 Jicho la Tatu

Na benki nayo inabana koki.

#44 Binti Songea

@mdogo_mtu njoo PM nikupe hadithi zetu za kikundi na majibu yake yaliyosahihishwa kwa nyekundu. Ukienda benki au usiende utaandika nyaraka tu. Anza na ile ya kiwanja cha Goba, ila ibadilishe thamani iwe milioni 350 na mdaiwa wa pili awe halmashauri, uone unaipeleka wapi na lini.

#45 dogo_kimbweta

Na mimi nitumie dada, nibandike kwenye desa.